Zamu ya Kufagia

Nimerudi na chupa moja ya maji ya bahari,
lita moja na nusu, kizibo nimekizungushia plasta.
Imepita Nyamisati, Dar, Morogoro, Gairo,
imelala mapajani mwangu kama mtoto wa kuazima.
Darasa la pili, wanafunzi sabini na wanne,
wanaitazama kana kwamba itasema.

"Mbona si ya bluu?" anauliza Sechelela.
Sina jibu. Nami niliuliza hivyo hivyo
nilipoyateka kiganjani, kule Mafia,
mwanamke wa miaka arobaini na mmoja,
viatu mkononi, kitenge kimelowa hadi magotini,
niliyefundisha B ya Bahi, B ya bahari
miaka kumi na saba
bila kuiona hiyo ya pili.

Kila mmoja akachovya kidole.
Nyuso zikakunjamana safu kwa safu.
Ila Ndahani hakukunja wake. Akalamba tena.
"Mwalimu, haya ni ya bibi."
Bibi yake, kiangazi, huchota udongo wa mbugani,
huuchuja kwenye kibuyu kilichotobolewa,
huchemsha mpaka chungu kibaki na weupe.
"Ni munyu huu," akasema. "Nani aliwapelekea?"

Nikawaambia kule maji huondoka.
Asubuhi yapo, mchana hayapo,
boti zimelala ubavu, kina mama wanachokoa pweza
pale pale nilipoogopa kukanyaga.
Jioni yanarudi.
Kimya. Hata Masinga akaacha kutoboa daftari.
Kwetu maji yakiondoka mwezi wa tano
tunayaaga kama waendao Mererani.
"Yanarudi kila siku?"
Kila siku. Mara mbili.
"Anayaita nani?"
Nimesoma kwamba ni mwezi. Nikasema, mwezi.
Madoda, ambaye baba yake yuko Mererani
tangu yeye hajaota meno,
akaandika kitu, akakifuta kwa mate.

(Sikuwaambia kwamba nilitapika njia nzima.
Wala kwamba nauli ilikuwa mbuzi wawili.)

Halafu papa potwe.
Nilimwona dakika mbili, labda pungufu:
madoadoa mgongoni kama kanga wa porini,
mdomo wazi, hana habari na mtu,
anaichuja bahari kama bibi yake Ndahani.
"Mkubwa kama nini?"
Kama darasa hili, nikasema, wakacheka,
maana anayedai maji yanarudi
atashindwa kudai nini?

Basi tukatoka nje. Upepo wa Oktoba, vumbi machoni.
Laleni, kichwa kwa miguu.
Watoto saba, Ndahani mdomoni, Madoda mkiani,
nikachora kwa jembe kuwazunguka.
Wale sitini na saba wakaleta madoa:
visoda, kokoto nyeupe, makaa, punje za mtama.
Mwalimu mkuu akatoka na kikombe cha chai,
akasimama juu ya pezi.
"Unamkanyaga, mwalimu!"
Akaruka. Mtu wa kilo tisini na mbili, akaruka.

Usiku upepo uligonga mabati hadi alfajiri.
Zamu ya kufagia ilikuwa ya Sechelela na Masinga.
Nikakuta uwanja wote una mistari ya fagio
isipokuwa pale.
Mbuzi wa jirani walikwisha kula mtama,
mkia haupo, visoda vimetawanyika.
Mbona hamkumalizia?
Masinga akaniangalia kama mimi ndiye mtoto.
"Maji hayajarudi, mwalimu.
Tumempa yale ya chupa kwanza."

Pale mdomoni udongo ulikuwa bado umelowa,
na pembeni, palipoanza kukauka,
weupe kidogo.